Siku Nne za Yangeyange

Mume wangu alikufa mwaka ule wa operesheni ya vijiji, masika yakiwa ndiyo yanaanza. Homa ilimshika Jumatano, Jumamosi alfajiri akakata roho, na alasiri yake tukamzika. Hatukuwa na mtoto. Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, ya miti na udongo, katika kitongoji kilichokuwa bondeni karibu na mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Mnyuzi. Katika nyumba hiyo nikakaa eda.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Kwetu mjane alikaa ndani akiwa amevaa nyeupe, hakujipaka wanja wala mafuta ya kunukia, na mwanamume ambaye si ndugu yake hakuvuka ua wake. Mwenye shida alisimama njiani akapaza sauti. Hata walevi waliishika sheria hiyo. Waliozoea kukatiza uani kwetu wakitoka pombeni walianza kuzunguka kwa njia ndefu ya kisimani.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alihamia kwangu ili anitekee maji na kunipikia. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka yangu, na ndani yake aliacha mume na watoto wanne. "Kaka yangu alinioza vizuri," alisema siku aliyoleta mkeka wake. "Na mimi nitamtoa mkewe eda vizuri."

Nyuma ya ua wangu palikuwa na mikuyu mitatu mikubwa, na nyuma ya mikuyu kinamasi. Hapakuwa na njia ya kuifikia miti hiyo ila kupita uani kwangu, maana pande zote nyingine ni matope ya kufika kiunoni. Kila mwaka masika yakikolea, yangeyange walikuja kuzaa humo. Walikuja kwa mamia, weupe, pamoja na mnandi weusi wachache waliokaa matawi ya juu wakiwa wametandaza mabawa kama watu wanaoanika mashati. Mchana yangeyange walikwenda ng'ambo ya mto, kwenye nyika za upande wa Handeni, kufuata ng'ombe wa wafugaji. Jioni walirudi makundi kwa makundi na ugomvi ukaanza: huyu kakalia tawi la yule, huyu kaiba kijiti cha kiota cha jirani. Sauti yao si nzuri. Ni kama ya mtu anayetaka kutapika. Na harufu ya mavi yao, jua likiwaka baada ya mvua, ilifika mpaka jikoni.

Sikuwapenda. Mume wangu ndiye aliyewapenda. Kabla ya kunioa alifanya kibarua bandarini Tanga kwa misimu miwili, na aliniambia kwamba mbele ya mji ule, majini, kuna kisiwa kidogo cha miti ambako ndege hawa hawa wanazaa pamoja na ndege wa baharini. Nikamwambia ananidanganya; ndege wa ng'ombe ataenda baharini kutafuta nini? Siku moja akanipandisha treni kutoka Mnyuzi mpaka Tanga ili nikaone tu. Tulisimama ufukweni asubuhi. Nilichokiona ni miti iliyopauka kama iliyomwagiwa chokaa, na vitu vyeupe vikipanda na kushuka juu yake, na nyuma yetu makuli wakipigiana kelele. "Umeona?" akaniuliza. Nikamwambia nimeona. Alifurahi kana kwamba kile kisiwa ni shamba lake. Tukala mihogo ya kukaanga, tukarudi. Ndiyo safari pekee tuliyosafiri pamoja bila kwenda msibani.

Katika eda ndipo nilipowatazama ndege hao kwa mara ya kwanza, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Nilikaa kwenye mlango wa nyuma tangu asubuhi. Niliwaona wakijenga, wakiatamia, wakipokezana. Mmoja akirudi, aliyekuwa kiotani alisimama, wakainuliana shingo na kusimamisha manyoya ya mgongoni, kisha huyu akaondoka na yule akakaa. Niliona jambo hilo mara nyingi kwa siku. Sitasema kwamba lilinifariji. Wakati mwingine liliniuma hata nikaugeuza mkeka.

"Wenzako hao," wifi aliniambia siku moja, akiwa anachambua mchicha. "Nyeupe tupu. Sijui wamefiwa na nani wote kwa pamoja."

"Nyamaza wewe."

"Ila wao wanatoka nje."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha nikaona aibu.

Mwezi wa pili wa eda, mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja na habari. Alikuwa Mnyamwezi, alikuja utotoni mwake na baba yake aliyekata mkonge, akaoa kwetu na kubaki. Hakuwa Mwislamu. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazigua, kwa hiyo mdomo wake haukuwa na ua. Siku ya mazishi aliwatangazia waombolezaji kwamba atanirithi mimi pamoja na jembe la marehemu. Lakini ua wangu hakuuvuka. Alisimama njiani.

"Hodi, mtani! Mke wangu mtarajiwa hajambo?"

"Hajambo," wifi akamjibu kutoka mlangoni, "ila anasema bora aolewe na mbuzi."

"Mbuzi hawezi kulima. Haya, sikilizeni, leo nina la serikali."

La serikali lilikuwa hili: kitongoji chetu chote kitahamia kijiji cha ujamaa kinachofunguliwa barabarani, upande wa Segera. Huko kutakuwa na shule, zahanati na maji ya bomba. Kila mwenye nyumba abomoe, apakie miti na mlango wake kwenye lori kwa zamu. Habari zangu alikuwa ameshazifikisha kwa wakubwa, nao walikubali kwamba mjane aachwe amalize eda yake nyumbani kwa mumewe. Nitachukuliwa na lori la mwisho. Akauliza nitamaliza lini.

Miaka miwili kabla nilikuwa nimejifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na ukutani nilikuwa na kalenda. Nilijivunia kalenda ile. Nikahesabu kwa kidole, miezi minne na siku kumi tangu siku aliyokufa mume wangu, nikamwambia wifi amtajie: itakuwa Ijumaa, tarehe fulani. Mjumbe akaandika kwenye daftari lake akaenda zake.

Alipokwisha kuondoka ndipo nilipokumbuka kwamba eda haihesabiwi kwa kalenda. Huhesabiwa kwa mwezi wa kuandama, na miezi ya kuandama ni mifupi. Kwa hesabu ya haki ningemaliza Jumatatu, siku nne kabla ya Ijumaa ile. Nilisema nitamrekebishia akija tena. Kosa hilo la kwanza lilikuwa la bahati mbaya. Yaliyofuata hayakuwa ya bahati mbaya.

Watu wakaanza kuhama. Kutoka ndani nilisikia nyasi zikishushwa paani, miti ikigongwa, kuku wakikimbizwa, na watu wakibishana kuhusu kinu kitakaa wapi kwenye lori. Kila lori lilipoondoka, sauti zilipungua. Kwanza nikaacha kusikia watoto, halafu vishindo vya kutwanga asubuhi. Mume wa wifi naye akaondoka na watoto wao. Wifi alikwenda kuwaaga njiani, akarudi, akaosha sufuria moja kwa muda mrefu sana.

Mwaka ule mvua zilikuwa chache na mahindi yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Watu walikula unga wa njano wa serikali, tena kwa zamu. Ninataja njaa hii kwa sababu bila hiyo hadithi yangu itanipendelea.

Kitongoji kilipobaki na nyumba yangu tu, mjumbe alikuja na vijana wa kubomoa, akasimama palepale njiani, akaitazama mikuyu. Makinda walikuwa wameshakuwa wakubwa. Wengi walianza kutoka viotani na kutembea juu ya matawi wakiyumba, wakishikilia kwa midomo, lakini hakuna aliyekuwa ameruka.

"Mtani," akaita, "hao wanao wamenona."

Mimi nikasogea karibu na ukuta ili nisikie.

"Nimemuuliza mwalimu wenu wa chuo cha Kurani. Anasema yangeyange si haramu mradi achinjwe. Sasa siku ukitoka eda, na sisi tunaingia na magunia. Watu wako kule hawajaonja kitoweo tangu wahame. Usiniambie hujasikia!"

"Si uingie leo, shujaa?" wifi akamtania.

"Mimi nivuke ua wa mjane? Mtani nina mdomo, lakini wazimu sina."

Wakacheka wote, wakaondoka. Tangu saa ile niliyajua mambo mawili. La kwanza, kwamba kilichowalinda makinda wale ni eda yangu. La pili, kwamba mjumbe alikuwa na Ijumaa kwenye daftari lake, na kwamba sitamrekebishia.

Jumatatu ikafika. Wifi aliamka mapema kuliko siku zote, akachemsha maji, akayaweka kwenye karai pamoja na majani ya kunukia aliyoyatafuta mwenyewe mtoni. Akaja akapiga magoti mbele yangu.

"Leo ndiyo leo, wifi. Simama nikuogeshe."

"Bado siku nne," nikasema.

"Kwa hesabu ya nani?"

"Ya kalenda."

Akacheka. Alidhani ninatania. Kisha akautazama uso wangu, naye akaacha kucheka.

"Kaka yangu alikufa kwa kalenda?"

Nikayatazama maji ya karai.

"Wifi, niambie. Unaumwa? Unaogopa kule?"

"Wale wadogo hawajaruka," nikasema. "Nikitoka leo, watasikia, watakuja leo."

Aligeuka akaitazama mikuyu kupitia mlango wa nyuma, kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo pale lakini hakioni.

"Mimi nina mume kule," akasema. "Kasimamisha miti ya nyumba, nyasi za kuezeka hana wa kumsaidia kufunga. Wanangu wanalala chini ya turubai la watu. Nimekaa humu miezi minne na siku kumi kwa ajili ya kaka yangu, na sikuhesabu hata siku moja kuwa nyingi. Na wewe unataka nikae nne kwa ajili ya ndege?"

"Sikukuomba ukae."

Neno hilo lilinitoka. Ningeweza kulisema kwa namna nyingine. Ningeweza kumwambia kwamba naogopa kukaa peke yangu, kwamba tafadhali. Sikulisema.

Wifi akasimama. Yale maji hakuyamwaga. Aliyaacha yapoe pale mbele yangu. Alikunja mkeka wake, akajitwika, na mlangoni akageuka. "Mjane wa kaka yangu ameshatoka eda leo asubuhi," akasema. "Anayebaki humu ni mchunga ndege." Akashika njia ya kwenda barabarani kwa miguu. Nilimtazama mpaka kwenye kona ya shamba la marehemu, naye hakugeuka. Hakuniaga. Lakini najua pia kwamba alipofika hakumwambia mtu, maana Jumanne hakuja mtu, wala Jumatano.

Niliyaoga maji yale mwenyewe, yakiwa baridi.

Sijawahi kuwa peke yangu kama siku zile nne. Katika eda kulikuwa na mtu wa kukohoa chumba cha pili. Sasa hapakuwa na nyumba nyingine kitongoji kizima. Palikuwa na mashimo ya nguzo, majivu, na mafiga yaliyoachwa. Asubuhi nilikwenda kuteka maji mwenyewe, nikiinama kama mwizi, mjane wa uongo ndani ya nguo nyeupe. Njiani nilijikuta nikisema "hodi" penye nyumba ambazo hazipo. Nilipika ugali wa njano nikala nusu. Nilijaribu kulia nikaona machozi hayaji, na hilo lilinitisha kuliko upweke wenyewe.

Jumanne nilikwenda mpaka chini ya mikuyu. Sikuwa nimewahi kufika pale wakati wa kuzaa. Kutoka mlangoni niliona ndege wakubwa wanaoinuliana shingo kwa adabu. Chini yao niliona mambo mengine. Ardhi yote ilikuwa nyeupe kwa mavi, na juu yake makinda waliokufa, wengine wakavu, wengine wa jana. Nilimwona mmoja akianguka. Hakuanguka kwa bahati mbaya; ndugu yake mkubwa alimdonoa kichwani mpaka akakosa tawi, na mama yao alikuwa pale pale, akitazama pembeni. Lile kinda lilikaa matopeni likifungua mdomo. Nililiokota nikalirudisha kwenye tawi la chini nililoweza kulifikia. Hakuna aliyekuja kulilisha. Jumatano lilikuwa limekufa.

Nilikaa kwenye mzizi wa mkuyu nikajiuliza nimembakiza nani hai kwa uongo wangu. Na nikajiambia ukweli, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Ndege wale walikuwa sababu, lakini hawakuwa sababu yote. Eda ikiisha, mtu anakuwa mwanamke wa kawaida asiye na mume. Anapewa kiwanja, anapangiwa siku za shamba la kijiji, anaitwa mama fulani kama ana mtoto, na mimi sikuwa na mtoto. Ndani ya eda bado nilikuwa mke wa mtu. Nilitaka siku nne zaidi za kuwa mke wa mtu. Niliificha tamaa hiyo nyuma ya makinda, nikamfukuza wifi kwa sababu yao.

Lakini waliruka. Alhamisi asubuhi wa kwanza alitoka tawi la mkuyu wa kati, akapiga mabawa vibaya, akashukia kwenye paa langu na kukaa hapo akihema. Halafu wengine. Kufika alasiri walikuwa wakienda mpaka ukingo wa mto na kurudi, wengine wakiangukia kwenye mafiga ya watu, wakijiinua. Niliwashangilia kwa sauti. Hapakuwa na wa kunisikia, na hata sasa nikikumbuka sauti ile naona aibu kidogo.

Ijumaa lori likaja. Mjumbe aliingia uani kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na vijana wanne na magunia mkononi.

"Mke wangu! Umetoka! Mbona umekonda, utalimaje?"

"Shikamoo kwanza," nikamwambia, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kutaniana, yeye akidai ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Vijana, juu!"

Vijana wakapanda. Yangeyange wakubwa wakaruka wote kwa pamoja, na makinda wakaruka nao. Ilikuwa kama mtu amekung'uta shuka. Vijana wakabaki juu wakiwa wameshika matawi, wakatazamana. Viota vilivyokuwa na makinda wasioweza kuruka vilikuwa vitatu. Wakashuka na gunia moja lililokuwa likitikisika kidogo.

Mjumbe hakulitazama gunia. Alikuwa akitazama chini, penye matope kati ya nyumba na mikuyu, ambapo nyayo zangu zilikuwa zimekwenda na kurudi, za juzi zimekauka na za asubuhi zingali mbichi. Aliona na ndoo mlangoni, imejaa maji, na wifi hayupo.

"Mtani," akasema, na safari hii hakuwa akitania. "Umetoka lini?"

"Jumatatu."

Nilingoja anitukane; haki hiyo alikuwa nayo mara mbili, kwa utani na kwa ukweli.

"Wanangu niliwaahidi kitoweo leo," akasema. Kisha akawaita vijana wapande paani waanze kubomoa.

Nilifika kijiji kipya jioni nikiwa nimekaa juu ya miti ya nyumba yangu. Wanawake walikuwa wamejikusanya kwenye banda la jirani ili kunitoa eda, wamewasha udi, wametandika mkeka. Wifi alikuwa miongoni mwao, kashika khanga mpya aliyotakiwa kunifunga, kwa kuwa ni kazi ya dada wa marehemu. Macho yake yalikuwa kwenye mkeka. Nikaelewa kwamba atanifunga khanga ile mbele ya watu wote na kuubeba uongo wangu, kwa heshima ya kaka yake, kama nitanyamaza.

Nikasema, "Mimi eda yangu ilikwisha Jumatatu. Nilijua."

Mwanamke mkubwa kuliko wote akauliza, "Sasa tumekuja kumtoa nani?" Mmoja akaanza kucheka akajizuia. Wakazima udi kwa maji, wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakinipa pole kama kawaida, wengine hapana. Wifi aliiweka khanga juu ya mkeka, ikiwa imekunjwa vilevile, akatoka. Nilijifunga mwenyewe.

Mwaka mzima tulisalimiana kama watu wanaokutana gulioni. "Hujambo." "Sijambo." Watoto wake walikuja kwangu, yeye hakuja. Nilikwenda kuwasaidia kufunga nyasi za paa; alinipa nyasi mkononi bila neno, na kazi ilipokwisha akasema ahsante, kama anavyoambiwa mgeni.

Msimu uliofuata tulipangiwa zamu moja ya palizi katika shamba la kijiji. Mistari iligawiwa kwa jina, na wangu ulikuwa pembeni ya wake. Tulilima tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, majembe yetu yakisikika moja baada ya jingine, na wanawake wengine walikuwa wametutangulia mbali.

"Waliruka?" akauliza. Hakuinua kichwa.

Nikasimama na jembe langu. Ilinichukua muda kuwa na uhakika kwamba ameniuliza mimi.

"Waliruka. Isipokuwa wa viota vitatu."

Akang'oa gugu, akalikung'uta udongo, akalitupa pembeni.

"Vitatu si vingi," akasema.

Akaendelea kulima. Na mimi nikaendelea, nyuma yake kidogo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu.